Baridi ya Mtani

Kabichi ya kwanza kufunga ilikuwa ya Mama Chausiku, na alihakikisha kila mtu anajua. Alisimama katikati ya tuta lake, mwenyekiti mzima wa makazi ya Kwemtindi, kanga kaifunga kiunoni, akaniita kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka. Nilikuja mbio. Akanishika mkono na kunibonyezesha kidole gumba juu ya ile kabichi.

"Bonyeza, Mwantumu. Usiogope. Bonyeza!"

Nikabonyeza. Ilikuwa ngumu. Majani yalikuwa yamekumbatiana ndani kwa ndani, yamebana, na chini ya kidole changu kulikuwa na uzito ambao mikono yangu ilikuwa imeshausahau. Nilipiga kigelegele hapohapo, mimi ambaye hata kwenye harusi ya dada yangu niliombwa ninyamaze kwa sababu kigelegele changu kina kutu.

Watu wakajaa. Tangu tuhamie bonde hili, chini ya milima ya Usambara, hakuna aliyekuwa ameona kabichi iliyofunga. Kila mwaka tulipanda, kwa ubishi tu, na kila mwaka joto liliwahi kurudi. Kabichi zikarefusha shingo na kutoa maua ya njano, nasi tukachuma majani yake magumu, tukayaunga kwa karanga na kudanganyana kwamba ni matamu. Watoto waliozaliwa hapa walidhani kabichi ni ndugu yake sukuma wiki. Mmoja wao aliitazama ile ya Mama Chausiku kwa huruma, akauliza inaumwa nini.

Niliwaacha wakipanga foleni ya kubonyeza, nikarudi kwenye nguzo zangu, maana kamba moja ilikuwa imelegea. Mimi ndiye mshika kamba wa Kwemtindi. Juu ya vichwa vyetu ulitanda Ushungi, kitambaa chepesi cha rangi ya fedha, kipana kuliko makazi yote, kimebebwa na maputo. Mchana hulirudisha jua lilikotoka. Usiku hufungua vitundu vyake, joto la ardhi likapanda zake mbinguni, na ikifika alfajiri unatafuta shuka. Kipupwe cha kweli, kile cha mwezi wa sita na wa saba alichokuwa akikisimulia bibi yangu, kilishatususa zamani. Hiki cha kwetu tunakishona wenyewe.

Tatizo ni kwamba Ushungi ni mmoja na makazi ni mawili. Nusu ya kwanza ya msimu ni yetu, nusu ya pili unavuka mto kwenda Msasa. Kilimo chetu chote kinategemea hapo. Mbegu husiwa kitaluni kungali joto, chini ya makuti, na udongo unanyunyizwa maji mpaka upoe, kwa sababu mbegu ya saladi ikikuta udongo wa moto inalala na haiamki. Halafu miche inatakiwa iwe tayari siku ileile Ushungi unapofika. Ukichelewa kusia, baridi inaliwa na kitalu. Ukiwahi, miche inazeeka ikingoja, na mche uliozeeka kitaluni hata ukiubembeleza namna gani hauzai kitu cha maana. Sisi tulisia mapema, Msasa wakasia baadaye, kila mtu kwa zamu yake. Nusu msimu unatosha saladi na figili. Kabichi haiwezi kufunga kwa nusu msimu, na hilo tulilizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Lakini mwaka huu zamu ya Msasa ilifika, ikapita, na Ushungi ukabaki kwetu. Sisi tulisema ni upepo. Ilikuwa rahisi kusema hivyo, kwa sababu kabichi zilikuwa zinaanza kukunja majani na hakuna aliyetaka kuuliza sana.

Simu ya upepo ikakoroma kiunoni.

"Kwemtindi, Kwemtindi! Mwizi mkuu yupo?"

"Yupo, njaa kali. Sema upesi, wengine tuna kazi."

"Wewe na kazi mmejuana lini?"

Huyo alikuwa Shemhando, mshika kamba wa Msasa, na mtani wangu. Utani wetu sisi haukutoka kwa mababu. Ulizaliwa wakati wa kuhama, malori mawili ya watu kwenye bomba moja la maji, mapanga yameshatoka. Mama mmoja wa Msasa akamwambia mzee wetu aliyekuwa mbele: "Haya nikate. Ila wewe ukifa utazikwa na nani? Kwa sura hiyo hata wanao watakataa kushika jeneza." Watu wakacheka bila kupenda, na panga haliendi vizuri na kicheko. Tangu siku ile tunatukanana, tunanyang'anyana kuku, na msibani wao wanakuja kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Miche yangu imerefuka shingo," Shemhando alisema, "kama watu wanaochungulia harusi wasiyoalikwa. Huo upepo wenu unaisha lini?"

"Upepo ni wa Mungu, mtani."

"Wa Mungu, mbona unawapenda nyie tu?" Kisha sauti yake ikashuka. "Kweli kabisa, Mwantumu. Ikikaa kitaluni siku chache nyingine, nitaitupa yote. Watu hapa wameanza kunitazama vibaya."

Alikata bila kunitukana. Nilitazama juu. Kulikuwa na upepo wa kupeperusha kanga, basi.

*

Mizani ndiyo akili inayoamua Ushungi uende wapi. Inasema kupitia vipaza sauti vya kwenye nguzo, pale Ushungi ulipo tu, kwa Kiswahili cha msoma taarifa ya habari, na haijawahi kukosa adabu hata siku moja. Nilisogea kwenye nguzo ya kati, nikauliza kwa sauti ya chini.

"Mizani, mbona Ushungi hauendi Msasa?"

"Habari za asubuhi, Bi Mwantumu. Ushungi hauendi Msasa kwa sababu Msasa wameachia haki yao ya baridi ya msimu huu."

"Nani kaachia?"

"Mshika kamba wao, kwa kauli yake mwenyewe. Ungependa kuisikia?"

Ikanisikilizisha. Ilikuwa sauti ya Shemhando kwenye simu ya upepo, mdomo umejaa muhogo: "Baridi? Chukueni yote, mkalale nayo! Sisi wa Msasa tuna damu ya moto, baridi ya nini? Wapeni hao wachovu, labda wataota nyama." Halafu ikafuata sauti yangu, nimejaa raha: "Tumepokea! Na wewe tutakuchukua, uje utufulie."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaishika nguzo. Kidogo kidogo kicheko kikaniisha.

"Mizani, ule ulikuwa utani."

"Neno hilo ninalo. Utani ni mzaha baina ya watu. Katika kauli ile sikubaini kicheko."

"Alikuwa anakula!"

"Nasikitika. Kwa Mkataba wa Bonde, kauli ya mshika kamba ni kauli ya makazi yake, na kilichopokelewa hurudishwa na aliyekipokea. Ukitamka 'tunarudisha', Ushungi utavuka mto kesho alfajiri."

"Na kabichi?"

"Kabichi inayofunga huhitaji usiku wa baridi. Zikipatwa na joto sasa, nyingi hazitamaliza kufunga."

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu foleni ya kubonyeza ilikuwa bado ndefu, na mtoto yule aliyeuliza kabichi inaumwa nini alikuwa ameipigia magoti, anaisikiliza kwa sikio. Neno lilikuwa moja tu. Nikafunga mdomo.

*

Nilimweleza Mama Chausiku jikoni kwake, akipepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kupepeta.

"Sasa kosa letu ni lipi?"

"Mama, tumekaa na baridi ya watu."

"Kasema chukueni. Mtani akisema chukua, unachukua. Walipochukua mbuzi wangu, mimi nililia?"

"Ulilia, Mama."

"Nililia kiutani." Aliweka ungo chini. "Mwanangu, sikiliza. Wajukuu zangu hawajui kitu kinachoitwa kachumbari ya kabichi. Nimewaahidi. Wewe mwenyewe umepiga kigelegele, kibaya, lakini umepiga. Ukitamka neno hilo, watu hawa hawatakuacha ushike kamba tena, na mimi sitakutetea. Nakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebonyeza kabichi baada ya miaka mingi, na mimi nilimwelewa, maana kidole changu nacho kilikuwa bado kinausikia ule ugumu. Ningeweza kunyamaza na kuuita utani. Ndiyo shida yenyewe, utani ulikuwa unaniruhusu.

"Mama, huyo mbuzi walimchukuaje?"

"Mchana kweupe! Walikuja wanaimba, wakapita hapa hapa mlangoni, mmoja akaniomba na kamba ya kumfungia. Nikampa!" Alianza kucheka, kisha akaacha. Aliona ninakokwenda.

"Walimchukua unaona," nilisema. "Ukapata nafasi ya kuwatukana. Sisi tumechukua baridi ya Shemhando yeye hajui. Hata matusi yake tumemnyima."

Mama Chausiku aliokota punje moja ya mchele sakafuni, akairudisha ungoni.

"Basi nenda ukaonekane," alisema. "Lakini hilo neno usilitamke kwanza."

*

Ukivuka daraja, kipupwe kinakatika. Hatua moja una raha zako, hatua ya pili jua linakukalia mabegani. Nilimkuta Shemhando kwenye kitalu chake, ameinama chini ya makuti na kopo la maji, anainyunyizia miche mmojammoja. Shati limemganda mgongoni.

"Karibu, mwizi. Leo umekuja kuiba nini?"

"Nimeshaiba, mtani. Nimekuja kukuonyesha."

Nikamweleza kila kitu, muhogo mdomoni, tumepokea, Mkataba, neno moja. Mwanzoni alicheka kama nilivyocheka mimi. Halafu akaacha kucheka, na mtani akiacha kucheka unatamani akupige. Alichomoa mche mmoja, akaulaza kiganjani. Shina lilikuwa refu na jembamba, limepinda.

"Kwa hiyo ni mdomo wangu."

"Ni midomo yetu wote wawili."

"Watu wa hapa wanafikiri nimelala kazini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu mwenyewe kaniuliza kama kamba zinanishinda."

Roho iliniuma sana. "Sema tu, Shemhando. Nageuka sasa hivi, nakwenda kutamka."

Aliuzungusha ule mche. "Makelele yenu ya asubuhi yalikuwa ya nini?"

"Kabichi ya Mama Chausiku."

"Imefunga?"

"Imefunga."

"Ngumu?"

"Ngumu, mtani. Ngumu kweli."

Alifumba macho. Akatabasamu peke yake, kama mtu anayenusa chakula cha jirani. "Bibi yangu alikuwa akiikata, tunakaa kimya tusikie kisu. Kwarrr." Akafumbua macho, akanitazama. "Nikisema rudisha, na mimi hapa nusu msimu haunitoshi. Nitakula saladi, nyie mtakula maua. Bonde zima hakuna kabichi hata moja."

"Lakini itakuwa haki."

"Ndiyo, itakuwa haki." Alilitamka kama dawa chungu. "Nenda nyumbani, Mwantumu."

"Bila jibu?"

"Nenda, kabla sijakukasirikia nikavunja mila. Wezi huwa hawapewi majibu papo hapo."

Nilirudi nikiwa sijui kama nimefanya vizuri au nimeharibu kotekote. Lile neno sikulitamka, wala sikulala vizuri.

*

Asubuhi niliwasikia kabla sijawaona. Wimbo ulitangulia juu ya maji:

*Mwizi wa baridi, fungua mlango,*
*tumekuja kulala kitandani kwako!*

Msasa nzima ilikuwa darajani. Wanawake kwa wanaume, trei za miche vichwani, majembe mabegani, madebe ya maji, na mama yake Shemhando mbele kabisa anacheza kwa mabega, miaka yake yote ile. Miche ilikuwa inatikisika kwa wimbo. Kwemtindi tulitoka majumbani na mswaki mdomoni.

Shemhando alisimama mbele ya Mama Chausiku, akapiga saluti ya kipuuzi.

"Mmechukua baridi yetu, hatuna ugomvi," alitangaza. "Na sisi tumekuja kuchukua ardhi yenu. Ushungi umekataa kuja Msasa, basi Msasa imekuja kwenye Ushungi. Sogeeni!"

Wakaingia. Nani awazuie, wakati mtani anachukua mchana kweupe na wewe unaona? Walipanda kwenye vijia, walipanda kandokando ya mifereji, walipanda katikati ya mistari ya kabichi zetu, miche midogo chini ya majani makubwa, ili kabichi zikikatwa ile iwe imeshika mizizi na kurithi nafasi. Mche mrefu waliuzamisha mpaka kwenye majani ya kwanza, shina lote likazikwa, ukabaki mfupi na wenye heshima zake. Mingine ilikuwa imekufa na waliitupa, na niliona mwanamke mmoja akiitupa taratibu sana. Uwanja wa mpira uligeuka shamba kabla vijana hawajaamka kuutetea. Maji ya mfereji hayakutosha, watu wakabishana nani afungue lango kwanza, na ubishi ule uliendelea siku nyingi.

"Mlangoni kwangu!" Mama Chausiku alikuwa anapiga kelele. "Wananipandia karoti mlangoni kwangu! Watu wa Msasa hamna haya, hamna mama, mlizaliwa na ngedere!"

"Ngedere anakusalimia, anasema umemsahau!" alijibiwa.

Nilimwona anacheka huku kajishika kiuno. Kisha akanigeukia mimi, akaurudisha uso wake wa uenyekiti. "Na wewe, kamba zako bado unazo, usijisahau. Sasa lete maji, huoni wageni wanakauka?"

Nilikuwa nimebeba debe la tatu, nimelowa, nina furaha ya kijinga kabisa, vipaza sauti vya nguzo zote vilipokoroma kwa pamoja.

"Bi Mwantumu," ilisema Mizani, na sauti yake ikaenea mashamba yote. "Watu wasio wa makazi haya wanalima katika ardhi yenu. Nasikia pia matusi mengi, kutoka pande zote mbili. Kwa Mkataba wa Bonde, ukithibitisha kuwa huu ni uvamizi, wataondolewa na daraja litafungwa. Je, huu ni uvamizi?"

Majembe yalisimama. Shemhando alikuwa hatua chache kutoka kwangu, matope mpaka kwenye viwiko, na nilimwona anajiandaa kunijibu, maana alijua nitakachosema. Hata mimi nilikijua. Kilikuwa kimeshafika ncha ya ulimi: *Wavamizi wakubwa hawa, wafunge wote, anza na yule mwenye masikio!* Kila mtu pale alikuwa anakingoja.

Nikakimeza. Tusi zuri kama lile, nikalimeza.

"Hapana," nilisema.

"Basi hawa ni akina nani? Naomba jibu kwa ajili ya kumbukumbu."

Ilinibidi nilitafute neno. Ng'ambo hizi mbili tulikuwa na majina mengi ya kuitana, na hakuna hata moja ambalo Mizani ingelielewa.

"Ni ndugu zetu."

"Samahani, naomba urudie."

"Ni ndugu zetu, Mizani! Andika hivyo. Baridi ni yao, ardhi ni yao, na mwakani Ushungi ukikaa Msasa sisi ndio tutabeba miche. Ni ndugu zetu."

Neno lile lilikuwa halijawahi kusemwa kati yetu, tangu kwenye lile bomba la maji. Tulikuwa tunalisema kwa kuibiana kuku. Sasa lilikuwa limetoka uchi kwenye vipaza sauti vyote, na hakuna aliyejua atazame wapi. Mama Chausiku alijifuta macho kwa pembe ya kanga. Shemhando aliinama, akaanza kupanda mche mmoja, akaushindilia udongo, akaushindilia tena, mpaka nikauonea huruma.

Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mmesikia?" aliuliza mashamba yote. "Kaniita ndugu. Hadharani! Mama Mwenyekiti, mshika kamba wenu anaumwa, tena hali yake ni mbaya!"

Kicheko kikapasuka mpaka uwanja wa mpira.

"Imeandikwa," ilisema Mizani. "Bi Mwantumu, Bwana Shemhando anaarifu kwamba unaumwa, na kwamba hali yako ni mbaya. Nimwite daktari?"

Nilikuwa nalia na kucheka kwa mpigo mmoja, na ndugu yangu alikuwa ameshanipokonya debe, anakimbia nalo.